Ufa Huanzia Wapi? Maswali Kutoka Nchi ya Chai

Mchumaji akikunja kikonyo cha majani mawili na chipukizi, hukatika kwa mlio mdogo na mkono unahamia kingine. Jani hilohilo likilala usiku mmoja kwenye kitanda cha kunyaushia kiwandani, asubuhi ukilikunja halikatiki. Linajipinda kama kitambaa, hata ukilifumbata ngumini linabaki zima. Hakuna kilichoongezwa, ila maji yametoka.

Wengi wetu tunaamini kwamba kitu huvunjika kwa sababu mzigo umekizidi nguvu. Mara nyingi sivyo. Mzigo huwa uleule wa kila siku. Kilichokua ni ufa. Maswali yaliyo hapa chini ni ya aina inayoulizwa kwenye vituo vya kununulia majani, kwenye karakana za kandokando ya barabara na jikoni, kuanzia Kericho mjini hadi Sotik na Bomet. Nayajibu nikiwa na shabaha moja: msomaji ajue pa kutazama kabla kitu hakijakatika.

Mbona waya hupinda na chaki huvunjika?

Kila kitu kigumu hunyumbuka kwanza, hata jiwe. Ukikalia benchi la mbao linapinda kidogo, ukiinuka linarudi. Robert Hooke wa Uingereza alichapisha kanuni hiyo mwaka 1678: mzigo ukiwa maradufu, springi hurefuka maradufu. Nondo ya mita 12 ikivutwa hadi karibu na kikomo chake itarefuka takriban sentimita 3, na ukiiachilia itarudi ilivyokuwa. Ukivuka kikomo hicho hairudi tena. Inaendelea kurefuka, makumi ya sentimita, kisha inakonda mahali pamoja na kukatika hapo.

Siri ya kukubali umbo jipya iko ndani ya chuma. Atomu zake zimepangwa safu kwa safu, kama miche ya chai iliyopandwa kwa kamba. Lakini katika safu hizo kuna kasoro, mahali ambapo mstari mmoja umeishia njiani. Chuma kinapopinda, safu haitelezi yote kwa mkupuo. Kasoro ndiyo inayosogea hatua kwa hatua, kama jongoo anavyokwenda kwa wimbi la miguu bila kuinua yote pamoja. Kwa hiyo nguvu inayohitajika ni ndogo, na chuma hujinusuru kwa kubadili umbo. Katika glasi, kigae na saruji njia hiyo imefungwa. Vikizidiwa havina pa kukimbilia isipokuwa kupasuka.

Tofauti hii ina thamani ya uhai wa watu. Kinachopinda hutoa taarifa, kinachopasuka hakitoi. Boriti ya zege yenye nondo za kutosha ikizidiwa italegea katikati na kuonyesha nyufa nyembamba, na watu watapata muda wa kutoka nje. Boriti iliyopunjwa nondo huanguka na watu wakiwa mezani.

Kiwandani, jani huvunjwa makusudi?

Naam, na hapo ndipo thamani ya chai inapozaliwa. Jani bichi ni maji kwa takriban asilimia 75 hadi 80 ya uzito wake. Seli zake zimejaa kama mipira iliyopulizwa, kuta zimekaza, na mkunjo mdogo tu huzipasua. Ndiyo sababu kikonyo kilikatika kwa mlio. Hewa inapopitishwa chini ya tabaka la majani usiku kucha, maji hushuka hadi karibu asilimia 70 na kuta za seli hulegea. Kutoka kitu cha kukatika, jani limekuwa kitu cha kupinda.

Kisha huingia kati ya roli mbili za chuma zenye meno makali. Moja huzunguka kwa kasi mara 10 ya mwenzake, na humo ndimo ufundi ulimo: roli ya polepole hulishika jani, ya kasi hulirarua. Mashine hiyo ya kuponda, kurarua na kuviringa ilibuniwa na William McKercher huko Assam, India, mwaka 1930, na leo ndiyo roho ya viwanda vya wakulima kama Momul, Tegat, Litein, Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek. Jani lisiponyaushwa vya kutosha hupondeka likawa rojo. Likikauka kupita kiasi huvunjika vipande badala ya kuraruka. Seli zikipasuka inavyotakiwa, vimeng'enya vilivyokuwa vimetengwa hukutana na polifenoli na hewa, na kijani kinageuka rangi ya shaba. Bila mpasuko huo hakuna chai nyeusi.

Kazi ya mkulima, basi, ni kulifikisha jani kiwandani likiwa halijavunjika. Majani yaliyoshindiliwa kwenye gunia kwa goti, au yaliyokaliwa ndani ya lori, seli zake hupasuka njiani na wekundu huanza kabla ya wakati wake. Karani wa kituo anayeyakataa hamwonei mtu. Mpasuko umeshatokea mahali pasipo pake, na hakuna mashine itakayourudisha nyuma.

Nikimimina chai moto glasi inapasuka. Nimekosea nini?

Joto halisafiri haraka ndani ya glasi. Uso wa ndani unapata moto na kutanuka papo hapo, wa nje bado ni baridi na haujasikia habari. Wa ndani unausukuma wa nje, wa nje unavutika, na glasi haijui kuvutika. Ikiwa kwenye uso wa nje kuna mkwaruzo, hata usioonekana kwa macho, mpasuko huanzia hapo.

Watu huchagua glasi nene wakidhani ndiyo imara. Kwa chai ni kinyume: glasi nene ndiyo huchelewa zaidi kupata moto upande wa nje, kwa hiyo hupasuka upesi kuliko nyembamba. Asubuhi za baridi za Kericho, suuza glasi kwa maji ya vuguvugu kwanza, au weka kijiko cha chuma ndani ili kimeze sehemu ya joto. Na glasi iliyokwaruzwa kwa mchanga wa kusugulia sufuria itumie kwa maji ya kunywa tu.

Ufa wa mshazari kwenye kona ya dirisha unatoka wapi?

Tazama nyumba za mawe za mtaa wowote. Ufa wa kwanza karibu kila mara huchomoza kwenye kona ya dirisha au mlango na kupanda mshazari. Uzito wa ukuta hushuka kuelekea msingi kama maji ya mto. Ukikuta uwazi unazunguka, na pale unapokunja kona unasongamana.

Mwaka 1913, Charles Inglis, mhandisi wa Cambridge, alikokotoa msongamano huo. Toboa tundu la duara kwenye bamba, livute, na mkazo kwenye ukingo wa tundu huwa mara 3 ya ule wa mahali pengine. Lifanye tundu liwe refu mara 10 kuliko upana wake, likingame na mvuto, na mkazo kwenye ncha huwa mara 21. Ufa ni tundu jembamba kuliko yote, basi jionee mwenyewe ncha yake inabeba nini. Miaka michache baadaye A. A. Griffith, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, Uingereza, alionyesha kwa majaribio ya glasi kwamba urefu wa ufa ndio unaoamua: ukirefuka mara 4, nguvu inayotosha kukivunja kitu hushuka kuwa nusu. Ufa, kwa maneno mengine, kadiri unavyokua ndivyo unavyohitaji msaada mdogo ili ukue zaidi.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika habari hii, na ni ya kuhuzunisha. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kwa ratiba, aina ya Comet, iliondoka London kwenda Johannesburg, ikatua Entebbe njiani. Ndege hiyohiyo ilisambaratika angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, tarehe 10 Januari 1954, na watu wote 35 waliokuwamo wakafa. Miezi mitatu baadaye Comet nyingine ikaanguka karibu na Naples. Wachunguzi wa Farnborough walichukua ndege ya tatu, wakaizamisha ndani ya tangi la maji, wakaijaza shinikizo na kulipunguza tena na tena, kila mara sawa na safari moja. Baada ya safari 3,057, za kweli na za kuigiza zikijumlishwa, ubavu ulipasuka. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye kona ya uwazi uliokatwa kwenye bati la ubavu.

Ukutani kwako dawa ni linta, ile boriti inayolala juu ya dirisha au mlango. Isiishie ukingoni mwa dirisha. Ipite kila upande na kulala vizuri juu ya mawe, na ikiwezekana iwe mkanda mmoja unaoizunguka nyumba nzima.

Lori limebeba uzito uleule miaka mingi. Springi imekatikaje leo?

Haikukatika leo. Leo imemaliza kukatika.

Barabara za marumu zinazounganisha vituo vya majani zina mashimo na mawe, na kila shimo huipinda springi na kuirudisha. Mpindo mmoja hauidhuru. Lakini mahali penye kutu, mkwaruzo au tundu la bolti, mkazo uliosongamana hufungua ufa mwembamba kuliko unywele, na kila mpindo huusogeza hatua isiyopimika kwa rula. Haba na haba, kwa maelfu ya safari. August Wöhler, mhandisi wa reli nchini Ujerumani, aliuchunguza uchovu huu wa chuma katika miaka ya 1850 na 1860 kwa sababu ekseli za mabehewa zilikuwa zikikatika chini ya mizigo ambayo zingeweza kuibeba bila shida siku zilipokuwa mpya.

Nawasihi madereva na mafundi wasikitupe kipande kilichokatika kabla ya kukisoma. Uso wa mkatiko huwa na sehemu mbili. Moja ni laini, nyeusi au yenye kutu, na mara nyingi ina mistari ya kupinda kama pete za gogo la mti. Hiyo ni njia ambayo ufa ulitembea, pengine kwa miezi. Nyingine ni ya chembechembe, inang'aa. Hapo ndipo chuma kilichobaki kiliposhindwa kwa mara moja. Sehemu laini ikiwa kubwa, mzigo haukuwa mkubwa. Ukaguzi ndio uliokosekana. Sehemu ya chembechembe ikiwa kubwa, lori lilikuwa limebebeshwa kupita kiasi. Fuata pete hizo kurudi nyuma, zitakupeleka kwenye nukta moja. Ikiwa nukta hiyo ni tundu la bolti ya katikati, kagua tundu hilo kwenye springi zote, maana springi za upande wa pili zimepita barabara hiyohiyo.

Na tafadhali, springi isichomelewe. Chuma chake kina kaboni nyingi, na joto la kuchomelea likipoa haraka huacha ukanda mgumu unaovunjika kama kigae. Vivyo hivyo kwa fremu ya bodaboda iliyoongezwa chuma cha kubebea mizigo: ufa haupiti katikati ya mchomeleo, hupita pembeni yake, palipo na mfinyo mdogo na chuma kilichobadilishwa na moto. Mwendesha boda apitishe kidole hapo kila wiki. Ndugu yangu, ni dakika moja, na nyuma yako umepakia mtoto wa mtu.

Mvua ya mawe imebonyeza mabati. Nibadilishe?

Vilima vya chai vya Kericho na Nandi hutajwa kwenye vitabu vya hali ya hewa miongoni mwa sehemu zenye siku nyingi za mvua ya mawe duniani, kwa hiyo swali hili halina msimu. Mbonyeo peke yake ni chuma kilichokubali umbo jipya, nacho kinaweza kukaa hivyo miaka. Hatari ni tabaka la zinki lililopasuka kwenye mkunjo na tundu la msumari lililochanika. Kagua hivyo viwili, upake rangi ya kuzuia kutu. Ukinunua mapya, kumbuka kwamba geji hupimwa kinyume: namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32.

Nyufa zipi za nyumba ni za kuogopa?

Nyufa za unywele kwenye plasta, zilizotapakaa kama wavu, ni za plasta kunywea ilipokuwa ikikauka. Zinaudhi, haziui. Ufa wa mshazari unaopita kwenye mawe yenyewe, mpana juu na mwembamba chini au kinyume chake, unasema kwamba msingi umesogea. Udongo mwekundu wenye kina wa mashamba ya chai hutulia vizuri, lakini ukishuka kuelekea sehemu zenye udongo mweusi, ule unaovimba mvuani na kupasuka kiangazi, nyumba huinuliwa na kushushwa kila mwaka.

Methali inatuhimiza kuziba ufa. Kwa nyumba ya namna hii kuziba kwa saruji ni kuficha tu, kwa sababu ardhi itaufungua tena. Kwanza jua kama ufa unatembea. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili, andika tarehe pembeni, pima upana mahali pamoja, urudi baada ya mwezi na tena baada ya mvua. Ukiwa umesimama, ziba. Ukiwa unatembea, mwite mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na usipake rangi kabla hajaja, maana ufa huo ndio ushahidi wake.

Ufa kwenye nguzo au boriti ni jambo jingine kabisa. Zege lina nguvu likibanwa, lakini likivutwa uwezo wake ni takriban sehemu moja ya kumi tu. Ndiyo kazi ya nondo. Ukiona nguzo imepasuka kwa wima, zege linabanduka na nondo zinaonekana, usipime wala usisubiri mtu. Toeni watu nje, kisha ijulisheni ofisi ya kaunti na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Mengi ya haya huanzia siku ya kumimina: maji yakizidi kwenye mchanganyiko ili ulainike kwa koleo, hukauka na kuacha vitundu maelfu ndani. Tumia maji kidogo, na zege likishashika limwagilie kwa siku 7 au zaidi.

Na ardhi yenyewe, inapasuka?

Jina Bonde la Ufa lilipatikana kwa haki. Kericho iko upande wake wa magharibi, na tarehe 6 Januari 1928 mwamba ulikatika huko Subukia, upande wa pili wa bonde, kwa tetemeko la ukubwa wa takriban 6.9, kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa nchini Kenya. Mwamba wa juu ni baridi na huvunjika. Wa kina kirefu ni moto, nao hutiririka polepole sana kama ugali mzito. Mvutano unaokusanywa milimita chache kwa mwaka hulipwa juu kwa mkupuo mmoja. Lile korongo lililokata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok mwezi Machi 2018 lilitangazwa kote kuwa dalili kwamba Afrika inagawanyika, lakini wanajiolojia wengi waliona kazi ya mvua kubwa iliyosomba majivu ya volkano yaliyokuwa yamejaza nyufa za zamani.

Nyufa hizi hazikutuletea hasara peke yake. Chini ya chai ya Kericho umelala mwamba wa lava uitwao fonolaiti. Lava hiyo ilipopoa ilinywea ikapasuka, maji ya mvua yakaingia kwenye nyufa, na kwa mamilioni ya miaka yakaulainisha mwamba ukawa udongo mwekundu ambao mizizi ya chai imeushika.

Nikishuku chuma kina ufa, nifanyeje?

Kuna njia ya kale ya karakana za reli isiyohitaji mashine. Safisha chuma hadi king'ae, kikiwa baridi na mbali na moto. Paka mafuta ya taa, subiri robo saa, pangusa hadi kikauke kabisa, kisha sugua unga wa chaki juu yake. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kulowesha chaki, na mstari mweusi utajichora mbele yako. Boila ya kiwanda iachiwe mkaguzi aliyeidhinishwa. Mvuke wenye shinikizo haumpi mtu nafasi ya kujaribu mara ya pili.

Kwenye bati la kawaida, kama bodi ya lori au mlango wa geti, fundi hodari hutoboa tundu dogo la duara kwa keekee mbele kidogo ya ncha ya ufa. Inaonekana ajabu kuponya ufa kwa tundu, lakini ni hesabu ileile ya Inglis: ncha kali imegeuzwa duara, msongamano umeshuka, na ufa umekosa pa kung'ata. Fundi hupata muda wa kuunganisha kiraka kwa utulivu. Springi, ekseli, usukani na breki hazina tiba hiyo. Hubadilishwa.

Wazee wetu walilijua tundu la duara kabla ya keekee. Nimeona sotet, kibuyu cha maziwa ya mgando yaitwayo mursik, kilichopasuka mdomoni na kutobolewa vitundu vidogo pande mbili za ufa, kikashonwa kwa uzi wa ngozi. Kitundu cha mwisho kilikuwa pale hasa ufa ulipokomea.